Njooni Tuwageme

Kwako Kadzo,

Wageni wameondoka, viti vya kanisa vimerudishwa, na wewe umekwenda kusukwa kwa Mama Neema hapo nyuma. Nina kama saa mbili kabla hujarudi ukilalamika kuwa kichwa kimevutwa sana. Nimeteremsha mlango wa saluni nusu ili wateja wajue sipo, nikakaa kwenye kiti cha kunyolea, daftari juu ya goti. Sitakuandikia habari za blanketi wala kandambili. Begi lako limepangwa na watu wenye akili kuliko mimi, na Gulu kuna maduka.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyosema leo mchana mbele ya watu.

Mchungaji alikuomba useme neno la kuaga. Ukasimama na lile gauni la bluu, ukashukuru kanisa, ukanishukuru mimi. Kisha ukasema, "Mama yangu alikufa kwa ujinga. Sindano ilikuwa bure, ilikuwa hapo barabarani, akakataa. Ninakwenda kusomea unesi ili watu wasiendelee kufa kijinga kama yeye." Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, Kadzo. Nilipiga kwa nguvu, maana ningeacha wangenitazama.

Miaka mitatu sasa unasema hivyo. Kaburini hujakanyaga tangu siku ya mazishi. Nikikuambia twende, unasema una masomo, na mara moja ulisema huendi kumsalimia mtu aliyechagua kukuacha. Nilinyamaza. Ukadhani nimenyamaza kwa uchungu, ukanishika bega. Nakumbuka mkono wako ulivyokuwa na joto begani, na nakumbuka nilivyoona raha.

Mama yako hakuwa mjinga. Mama yako aliniamini mimi. Sasa soma mpaka mwisho, na ukitaka kuichana barua, ichane ukishamaliza.

Babu yako kule Kaloleni alikuwa mgema. Tulikupeleka ukiwa na miaka mitano, sidhani unakumbuka. Asubuhi anapanda mnazi na kisu chake cha kotama kiunoni, anakata kipande chembamba kwenye ua ambalo halijafunguka, anatundika kibuyu. Jioni anapanda tena, anakata kipande kingine. Tembo linachuruzika tone kwa tone. Mama yako alitoka Bukavu, kwao hakuna minazi, kwa hiyo alishinda pale siku nzima akimchosha mzee kwa maswali. Akamwuliza kwa nini mnazi ule hauna hata nazi moja na wa jirani umejaa. Babu yako akamjibu kutoka huko juu, "Mnazi unaogemwa hauzai, mama. Utazaa na nini, na maji yake yote yako kwenye kibuyu?"

Mama yako alicheka sana. Sikujua kwamba neno lile alilibeba mpaka huku kwetu Bwaise.

Sasa, hapa Kampala, Mganda akitaka kusema kuchanja mtu, anasema kugema. Wewe umezaliwa hapa, kwako ni neno la kliniki tu. Mimi mtoto wa mgema nililisikia kwa masikio mengine. Siku ile gari la matangazo ya chanjo ya korona lilipita Barabara ya Bombo likiwa na spika juu, mwanamke anaimba ndani yake, "Mujje tubageme, mujje tubageme." Saluni ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimemshika kichwa dereva mmoja wa boda. Nikazima mashine, nikainua kidole, nikasema, "Mmesikia wenyewe. Njooni tuwageme. Hawa watu hawajaficha kitu. Kwetu mtu akigema anakata kidogo kidogo, na kibuyu kinaning'inia chini."

Walicheka mpaka mmoja wao, Mkongo muuza vitenge, akashuka kwenye kiti akaenda kuegemea mlango. Nikawasha mashine, nikaendelea kunyoa kana kwamba sijasema kitu. Ndivyo mtu anayejua kuchekesha anavyofanya.

Ujue nilivyokuwa wakati ule. Miaka ishirini niko Kampala na Waganda bado wananicheka Luganda changu. Kiswahili changu nilichozaliwa nacho wanakiita lugha ya askari. Nikiongea nao vizuri wanarudi nyuma kidogo, wanadhani nitawaomba kitambulisho. Wenye kunisikiliza walikuwa Wakongo na Wakenya wenzangu, nao walinisikiliza kwelikweli, "Mwalimu" waliniita. Kinyozi anaitwa Mwalimu. Usicheke, wewe leo umepigiwa makofi mara moja tu na uliongea dakika tano zaidi ya ulizopewa.

Kila mtu alikuwa na lake kuhusu ile sindano. Muuza chapati wa hapo nje alisema wanaume wataishiwa nguvu. Mwalimu wa shule ya jirani alichanjwa na kila asubuhi watu wakamchungulia kama bado yuko hai. Mchungaji alisema tuombe kwanza, halafu yeye akachanjwa Jumatatu. Hayo yote yalikuwa maneno ya siku mbili tatu, yanapita. La kwangu halikupita kwa sababu lilikuwa linatangazwa na gari lao wenyewe. Kila likipita, watoto wa mtaa wanakimbia nyuma yake wakiimba, "Wagema hao, ficha kibuyu."

Nilisimama mlangoni nikawasikia. Nilifurahi.

Halafu akaja musawo, daktari wao wa chanjo. Mwanamke mfupi, viatu vimejaa tope la Bwaise, barakoa imelowa. Walikuwa wamesimamisha hema karibu na mfereji na Wakongo hawaji. Akasema, "Mzee, wewe iko na Swahiri mzuri. Saidia mimi ereza hawa watu. Wao hapana sikia Ruganda." Nikaenda, asubuhi mbili. Kila alilosema nililitafsiri sawasawa, neno kwa neno, huwezi kunikamata. Isipokuwa kila alipotaja sindano, nilisema "kugemwa", na nililisema taratibu nikiwaangalia. "Musawo anasema mje mgemwe. Musawo anasema kugemwa hakuumi." Walitazamana, wakaziba midomo kwa kanga, wakaondoka mmoja mmoja. Yule dada alidhani wanaona haya. Siku ya pili alinishukuru kwa mikono miwili, akaninunulia soda. Niliinywa mbele yake mpaka mwisho.

Hapo sikuwa naamini chochote kati ya nilivyosema. Nataka uelewe hilo. Mtu anayeamini na akakosea, unaweza kumhurumia. Mimi nilikuwa nachezea neno.

Mama yako akaniuliza siku ya Jumapili, anachambua mchele, wewe uko kanisani na wenzako. Hakuniuliza kwa mzaha.

"Baba Kadzo, ile sindano, ni kweli inafungaka kizazi?"

Ulikuwa hujui kwamba baada yako zilitoka mimba mbili. Ulidhani mama yako alikuwa na malaria. Alikuwa na miaka thelathini na nane na alikuwa anahesabu siku zake kwa vidole akidhani simwoni. Nilipaswa kusema hapana. Neno moja, tena fupi.

Nilisema, "Wewe mwenyewe ulimwona mnazi wa mzee."

Aliacha kuchambua mchele. "Ni vile uko nasema? Maana weye ndiye unajuaka Kiswahili ya ndani."

Hapo ndipo aliponimaliza. Watu wengine walicheka, yeye aliamini, na mimi katika maisha yangu sikuwahi kuaminiwa hivyo. Nikamweleza. Nikamwambia lugha haidanganyi, kwamba neno likiwa moja kwa watu wawili basi lina asili moja. Nilitunga yote pale pale, nikiwa nimekaa kwenye ndoo. Akasema, "Basi miye sitaki kukosa mutoto juu ya sindano." Akaendelea na mchele wake.

Unaona alivyofanya? Aliuliza, akasikiliza, akapima, akaamua. Ndivyo mtu mwenye akili anavyofanya. Alimuuliza tu mtu mbaya.

Wiki chache baadaye nikaitwa Bugolobi. Yule bwana wa magorofani niliyekuwa namnyoa nyumbani kwake kila mwezi alinipigia simu akasema haguswi tena na kinyozi asiye na kadi ya chanjo. Sikulala nikiwaza. Natania, nililala vizuri kabisa. Asubuhi nikapanda boda mpaka Nakasero, mahali ambapo hakuna anayenijua, nikapanga foleni na makarani na walinzi wa mahoteli, nikakunja mkono wa shati. Haikuchukua muda wa kunyoa ndevu. Kadi nikaikunja, nikaiweka ndani ya sanduku la mashine, chini ya zile blade.

Jioni mkono ukauma. Mama yako akaniona nashindwa kuinua sufuria. Nikamwambia ni kazi, kushika mashine kutwa nzima. Akachemsha maji, akaloweka kitambaa, akanikanda. Alinikanda pale pale penye sindano, Kadzo, kwa nguvu zake zote, akisema kazi ya kunyoa itaniua na nitamwacha mjane Kampala. Wewe ulikuwa unaandika hesabu mezani. Ulisema, "Pole, Baba."

Ningeweza kumwambia usiku huo, ningeweza kesho yake, ningeweza hata nilipokwenda kupata ya pili. Unajua kilichonizuia? Nilimwona akicheka. Niliona jinsi angecheka akisikia Mwalimu amegemwa, na jinsi angemsimulia muuza chapati, na muuza chapati angesimulia wateja wangu. Hakuna kingine. Watu wakifanya ubaya mkubwa wanapenda kutafuta sababu kubwa. Mimi ninayo ndogo, na nimeitafuta nyingine miaka minne sijaipata.

Nilianza kukohoa mimi. Siku mbili tu, kikohozi cha kawaida, nikanywa tangawizi nikapona. Baada ya siku nne akaanza yeye. Hiyo huijui, kwa sababu wewe ulijua mama aliutoa ugonjwa sokoni. Mimi ndiye niliyesema aliutoa sokoni.

Pale hospitalini palikuwa na geti la chuma na mlinzi mwenye daftari. Hilo unalikumbuka, na ndilo unalolikumbuka vibaya kuliko yote. Ulikuwa na miaka kumi na tatu, umevaa sweta yangu. Mlinzi akasema, "Mmoja anaweza kuingia kumwona mgonjwa, kama ana kadi ya chanjo. Asiye na kadi abaki nje." Mjomba wako Heri, ndugu wa mama yako, akasema yeye hana, akanitazama. Wewe ukanitazama. Mlinzi akanitazama.

Kadi ilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeitoa kwenye sanduku asubuhi hiyo kwa sababu nilijua wataiulizia.

Nilisema, "Sina."

Ukalia. Ukamshika mlinzi mkono ukimwomba amruhusu Baba. Ukamwambia, "Baba yangu anampenda mama, muache aingie hata dakika moja." Mlinzi akasikitika, akasema sheria ni sheria. Nami nikakaa chini kwenye ukuta, nikafunika uso, nikalia, na kile kilio kilikuwa cha kweli, sijui nikueleze vipi. Siku tatu tulikaa pale. Siku tatu kila asubuhi ningeweza kukutuma chai, nikamwonyesha mlinzi kadi, nikaingia. Nilifikiria. Lakini Heri alikuwa hatoki pale, na ningemweleza nini nikitoka ndani?

Wewe umewasimulia watu kwamba baba yako alilala getini siku tatu kwa mapenzi. Umeisimulia hata leo. Mama Neema alifuta machozi.

Siku ya tatu asubuhi mama yako alinipigia kwa simu ya nesi. Wewe ulikuwa umelala kwenye boksi, kichwa mapajani mwangu. Sauti yake ilikuwa inakatika, anavuta pumzi kwanza halafu neno. Nilifikiri atauliza kwa nini siingii. Hakuuliza. Yeye alijua siwezi kuwa na kadi. Angejuaje vinginevyo?

Mchana wakatuita dirishani, wakatuambia amefariki. Ukaniuliza mama alisema nini kwenye simu. Nikakuambia, "Alisema usome."

Ukaifanya ndiyo nguzo yako. Umeiandika ndani ya mlango wa kabati. Kila ripoti ya shule ulikuwa unainyanyua juu ukisema, "Nimesoma, Mama," hata ulipokuwa umemkasirikia. Sasa unakwenda kuwa nesi juu ya neno ambalo nilitunga nikiwa nasimama kuvaa kiatu.

Alichosema ni hiki. Nakiandika kama alivyokisema, maana nimekisikia kila siku tangu hapo: "Baba Kadzo. Mutoto. Ukatae. Basimugeme."

Ndiyo hayo tu, wasikugeme. Pumzi zake za mwisho alizitumia kukukinga na mzaha wangu. Akamrudishia nesi simu yake.

Mwaka uliofuata, ulipofikia umri wa kuchanjwa, mimi mwenyewe nilikushika mkono nikakupeleka. Uliogopa sindano. Nikakuambia, "Usiwe kama mama yako." Nilisema hivyo, Kadzo. Huenda umesahau. Ndiyo mara ya kwanza neno hilo lilitoka kwa mtu, na lilitoka kwangu. Wewe ulilichukua ukalikuza, lakini mbegu ni yangu, na nimekuwa nikiimwagilia kwa kunyamaza. Ulipokuwa ukimtukana marehemu nilikuwa salama. Mtoto akishamchagua wa kumlaumu, hatafuti mwingine.

Mashauri sina. Baba mwenye barua kama hii hana uso wa kumshauri mtu. Jambo moja tu la kazi yako, kwa sababu nalijua kutoka upande wa pili. Atakuja mwanamke mbele yako akatae dawa, nawe utataka kumwita mjinga, ulimi wako ni mwepesi, umeurithi kwangu. Muulize kwanza nani kamwambia. Na kama huyo mtu amesimama nyuma yake, mwambie akunje mkono wa shati.

Kadi nimeibana kwenye karatasi hii. Tazama tarehe zake zote mbili, halafu tazama ile iliyoandikwa kwenye msalaba. Najua hujawahi kuisoma. Kaburi liko kwenye shamba la yule mzee wa kanisa, Wobulenzi, nyuma ya ghala la mahindi, kuna ua wa michongoma. Kesho basi lako litapita hapo kama mwendo wa saa moja na nusu tangu mtoke, na utageuzia uso dirisha la upande wa pili kama kawaida yako, kwa sababu barua hii utakuwa hujaisoma. Ukirudi likizo, teremka. Kwake nenda kwanza. Ukitoka pale ukaona huna njia ya kuja Bwaise, usinipigie simu kunieleza. Mama yako hakupata nafasi ya kunikasirikia, chukua na ya kwake.

Nasikia kicheko chako kwa Mama Neema, kwa hiyo wamefika nywele za mwisho. Barua nitaichomeka chini kabisa ya begi, ndani ya sare mpya, utaikuta huko huko Gulu. Ningeweza kukupa mkononi sasa hivi. Ningeweza kukuita, tukae, nikusomee. Sitafanya hivyo. Kesho asubuhi kituoni utanikumbatia na kuniambia, "Asante, Baba, wewe ndiye uliyebaki," kama ulivyosema kwenye shukrani zako leo, na mimi nataka unikumbatie kabla hujajua. Nimeshakuibia mengi. Hilo nitaiba pia, halafu ndiyo basi.

Kazungu, kinyozi